Wadudu kwenye sakulenti za ndani: maswali ninayoulizwa kila wiki

Ninakuza na kuuza sakulenti kwenye roshani yangu hapa Dar es Salaam, na simu yangu haikai siku mbili bila kuingia picha: jani lenye doa, pamba nyeupe kwenye kwapa la jani (pale jani linapoungana na shina), mmea uliosinyaa bila sababu ya kuonekana. Karibu kila anayeniandikia huwa ameshapuliza kitu kabla hajajua anapambana na nani. Mmoja kamwagia maji ya sabuni ya unga, mwingine kapuliza dawa ya mbu. Mimea mingi inafia hapo, kwenye dawa isiyo yake. Kwa hiyo majibu yangu mengi hapa chini yanaanza na kumtambua mdudu, halafu ndiyo tunaingia kwenye dawa.

Unaposema sakulenti, unamaanisha mimea gani?

Mimea yenye majani au mashina manene yanayotunza maji: mshubiri na aloe wenzake, echeveria, haworthia, crassula, kalanchoe, sansevieria, adeniamu tunayoiita waridi la jangwani, euphorbia, na kaktasi zote. Nyingi kwao ni Afrika hii hii.

Kuna kitu cheupe kama pamba kwenye makwapa ya majani. Ni ukungu?

Chukua kijiti cha meno, kiguse taratibu. Ukungu hausogei wala hauna miguu. Ukiona chini ya pamba ile kuna kidude cha mviringo, rangi ya waridi au kijivu, kirefu milimita tatu hivi, kimejipaka unga mweupe na pembeni kina vinyweleo vifupi vya nta, huyo ni kidung'ata. Ndiye adui namba moja wa sakulenti, na kwa makadirio yangu picha saba kati ya kumi ninazotumiwa ni zake.

Vidung'ata wanapenda mahali ambapo jicho halifiki: katikati ya ua la echeveria pale majani machanga yanapobanana, chini kabisa kwenye shina la sansevieria, kati ya miiba ya kaktasi. Wanafyonza utomvu, na kinachozidi wanakitoa nyuma kama majimaji matamu yanayonata. Ukipitisha kidole juu ya jani na kidole kikanata kama umeshika peremende, tafuta mdudu hata kama bado humwoni. Juu ya utamu huo huota ukungu mweusi kama masizi ya jiko. Masizi yenyewe hayali mmea, ila yanaziba mwanga, na ukiyafuta bila kumwondoa mdudu yatarudi.

Ile pamba nyingi kuliko mdudu mwenyewe ni mfuko wa mayai. Jike mmoja hutaga mamia. Vitoto vikitotolewa ni vidogo, vya njano hafifu, vina miguu na vinatembea, na hivyo ndivyo vinavyovuka kutoka chungu hadi chungu pale majani yanapogusana.

Sawa, nimemwona. Nianzie wapi?

Utenge mmea kwanza. Uhamishie chumba kingine au mwisho wa kibaraza, mbali na wenzake, leo hii hii, si kesho. Kisha ukague majirani wake wote, hata wale wanaoonekana safi.

Ukishafanya hivyo, nunua spiriti ya asilimia 70 duka la dawa na pamba za masikio. Chovya pamba, mguse kila kidung'ata unayemwona. Utaona nta nyeupe inayeyuka papo hapo na mdudu anabadilika kuwa kahawia, hapo amekwisha. Kwenye kwapa lililobana sana tumia brashi nyembamba ya rangi ya maji, au chupa ya kupulizia yenye mdomo mwembamba. Fanya jioni, mmea ukiwa kivulini, na uuache kivulini siku inayofuata. Spiriti inashika moto haraka, kwa hiyo usiifanyie kazi jikoni wala karibu na mshumaa.

Angalizo moja kwa wenye echeveria za rangi ya kijivu au bluu. Ule unga laini juu ya jani ni kinga ya mmea dhidi ya jua, na spiriti inauondoa. Ukishatoka haurudi kwenye jani lile. Utabaki na alama mpaka jani lizeeke lidondoke. Kwa mimea hiyo gusa mdudu peke yake, usipake jani zima. Na kwa mmea wowote ambao hujawahi kuujaribu, paka jani moja la chini, subiri siku mbili, uone.

Nimepaka spiriti mara mbili, wakarudi. Mbona?

Kwa sababu ulimaliza wakubwa ukaacha mayai. Spiriti na sabuni zinaua kinachoguswa siku ile, lakini mayai yaliyofunikwa na nta mara nyingi yanapona, na baada ya wiki moja au mbili yanatotolewa. Kwenye joto letu la pwani mzunguko wote huo unaenda kasi kuliko kule Njombe au Limuru. Rudia kila baada ya siku saba, angalau mara nne mfululizo, hata kama wiki ya tatu huoni kitu. Hapo kwenye wiki ya tatu ndipo watu wengi wanapoacha. Mimi naandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye chungu chenyewe, na sifuti mpaka nimemaliza raundi zote.

Sisimizi wanapanda kwenye chungu changu. Ndio wanaokula mmea?

Hawali mmea. Wanafuata ule utamu, na ili usikauke wanawalinda wenye kuutoa: wanawafukuza wadudu wanaokula vidung'ata na vidukari (wadudu wadogo wa kijani au weusi), na wakati mwingine wanawabeba vitoto kuwapeleka kwenye shina jipya. Ukiona msururu wa sisimizi unapanda sakulenti, ufuate unakoishia, utakuonyesha kidung'ata alipo haraka kuliko macho yako. Kisha wakate njia. Weka chungu juu ya kigae ndani ya sahani yenye maji, kigae kikae juu ya maji ili mizizi isilowe, na uhakikishe hakuna jani linalogusa ukuta. Badilisha maji kila siku tatu, usije ukafuga mbu.

Kwani lazima nijue jina la mdudu? Si dawa ya wadudu ni dawa tu?

Mashamba ya kahawa ya Kenya yalilipa gharama kubwa kwa swali hili. Miaka ya 1920 kidung'ata mgeni alivamia mikahawa. Wataalamu walimdhania kuwa aina nyingine inayofanana naye, wakatafuta maadui wake mbali mpaka Asia, na walioletwa hawakumfaa. Wakulima wakabaki wakipaka utepe wa grisi kwenye mashina kuwazuia sisimizi, na ndicho kilichowasaidia kwa miaka. Mwaka 1935 ikathibitishwa kuwa yule ni aina ya peke yake, ambaye leo anaitwa Planococcus kenyae. Mara moja macho yakageukia nyumbani kwake hasa, jirani tu, Uganda. Mwaka 1938 vikaletwa kutoka huko vinyigu vidogo vinavyotaga ndani ya kidung'ata huyo, na tatizo likashuka sana.

Nyumbani kwako ni vile vile kwa kiwango cha chungu kimoja. Utitiri, ndugu mdogo wa buibui, haufi kwa dawa nyingi za kawaida za wadudu. Kidugamba aliyekomaa, mdudu anayejifungia chini ya gamba, hafikiwi na sabuni ya kupuliza. Kidung'ata wa mizizi haguswi na chochote unachopuliza juu. Kabla ya kununua dawa, nunua lenzi ya kukuzia, hata ile ndogo ya mara kumi.

Mmea wangu umesinyaa, nimeukagua jani kwa jani na sioni kitu. Namwagilia lakini haunywi.

Utoe kwenye chungu. Najua hamtaki, lakini utoeni. Tazama mizizi na ukuta wa ndani wa chungu. Ukiona vipande vyeupe kama unga wa ngano uliomwagika, na nta yenye rangi ya maziwa iliyoganda kwenye plastiki, hao ni vidung'ata wa mizizi. Wanaishi chini maisha yao yote na wanapenda udongo mkavu, ndiyo maana sakulenti zinawafaa mno.

Wengi wanachanganya na zile punje nyeupe za perlaiti zinazochanganywa kwenye udongo. Minya punje moja kati ya vidole. Perlaiti inavunjika na kukwaruza kama chumvi ya mawe, kidung'ata anapakaza kama siagi.

Hapa hakuna njia ya mkato. Toa udongo wote, utupe mbali na bustani. Osha mizizi kwa maji ya bomba mpaka ibaki uchi, kata iliyooza au iliyokauka, loweka mizizi dakika kumi na tano kwenye maji ya mwarobaini au dawa uliyoshauriwa. Anika mmea kivulini siku tatu hadi tano mpaka vidonda vya mizizi vikauke, kisha panda kwenye udongo mpya na chungu kilichooshwa kwa maji yanayochemka. Chungu cha plastiki kitapinda kwa maji hayo, bora kibadilishe. Usimwagilie wiki ya kwanza. Mwaka juzi nilipata haworthia kumi na moja zenye hawa wadudu kutoka kitalu kimoja. Nilizivua udongo zote kwa siku moja, zikapona tisa.

Majani yamekuwa na madoa madogo ya kijivu kama yamesuguliwa kwa msasa. Jua?

Huenda ni jua, ila doa la jua linakaa upande mmoja unaotazama dirisha na lina mpaka unaoonekana. Utitiri unaanzia kwenye ncha changa na maungio, unaacha vitone vingi vidogo vinavyoungana kuwa kutu ya kijivu au kahawia. Weka karatasi nyeupe chini ya mmea, gonga shina kwa penseli. Vumbi likidondoka, subiri. Vumbi likianza kutembea, ni utitiri. Ukizidi utaona utando mwembamba katikati ya miiba au majani.

Una miguu minane, ni ndugu wa buibui na kupe, hauzidi nusu milimita, na kwenye joto la nyuzi 27 hadi 30 yai linakuwa mzazi ndani ya siku saba hadi kumi. Unastawi penye joto na ukavu, kwa mfano chumba chenye kiyoyozi usiku kucha na dirisha la jua mchana. Ogesha mmea kwa maji yenye nguvu, juu na chini ya majani, kila siku tatu kwa wiki mbili, ukausheni vizuri kwa upepo baada ya hapo. Ikishindikana, tumia dawa iliyoandikwa kwenye lebo kuwa ni ya utitiri. Salfa nayo inafanya kazi, ila usiipulize siku ambayo joto limepita nyuzi 30, wala ndani ya wiki mbili tangu upulize mafuta yoyote, utaunguza mmea. Kwa Dar maana yake ni kwamba salfa ni ya miezi ya Juni hadi Agosti, na jioni.

Makovu hayatatoka. Angalia jani jipya: likiwa safi, umeshinda.

Kuna vipele vya kahawia vimegandana na shina, kama magamba.

Kwangua kimoja kwa kucha. Kikibanduka na chini yake mmea ni mzima na una unyevu, ni kidugamba. Kisipobanduka kabisa, huenda ni ngozi ya mmea iliyozeeka, jambo la kawaida chini ya kaktasi na euphorbia. Waliokomaa hawatembei tena, wamejifungia chini ya gamba. Mswaki laini uliochovywa kwenye spiriti au maji ya sabuni unawatoa vizuri kuliko dawa yoyote. Sugua, suuza, rudia wiki ijayo. Aloe ina kidugamba wake mweupe anayepanga mistari juu ya jani kama nazi iliyokunwa. Ukiona jani limejaa hivyo, likate tu.

Shina la maua limejaa wadudu wadogo wa kijani (au weusi).

Vidukari. Kata shina lote la ua, litie kwenye mfuko, tupa. Majike wanazaa bila dume na wanazaa watoto hai, kwa hiyo ukiwaonea huruma kwa ajili ya ua moja, wiki ijayo wako kwenye mmea wote.

Mshubiri wangu umeota uvimbe wa ajabu, kama koliflawa.

Huyo ni utitiri wa aloe, mdogo kiasi kwamba jicho tupu halimwoni, ana miguu minne tu. Anapofyonza anachochea mmea ujenge uvimbe, na yeye anaishi humo ndani. Dawa ya kupuliza haimfikii. Kata uvimbe pamoja na nyama nzima inayouzunguka, choma moto ulichokata, safisha kisu kwa spiriti kila unapokata. Upepo unambeba, kwa hiyo tenga mmea mbali na aloe nyingine. Uvimbe ukiwa umeingia katikati ya mmea wote, mimi ninauchoma mmea mzima, na ninauma meno nikifanya hivyo.

Vijinzi vidogo vyeusi vinaruka nikimwagilia.

Udongo wako ni mbichi mno. Acha ukauke mpaka chini, weka mchanga wa mtoni wa sentimita mbili juu, na badilisha udongo wenye mboji nyingi. Sakulenti inayomwagiliwa inavyostahili haina vijinzi.

Niko Nanyuki, mpungate wangu una pamba nyeupe, nilipoiminya ikatoka damu!

Hiyo si damu. Ni kochinili, ndugu wa mbali wa kidung'ata, na wekundu ule ndio rangi ambayo watu wamekuwa wakitia kwenye nguo kwa karne nyingi. Huko Laikipia aliachiwa makusudi ili apunguze mpungate vamizi ulioharibu malisho. Porini anafanya kazi njema, mwacheni. Kwenye chungu, msafishe kwa maji ya nguvu na mswaki, na vaa nguo usiyoipenda.

Nawezaje kujua kuwa kitu si mdudu?

Swali hili nalipenda, kwa sababu mimea mingi mizima inapewa dawa bure. Tazama jani la crassula ovata, ile ya majani ya mviringo yanayong'aa. Juu yake utaona vitone vyeupe vimepangika, hasa kuelekea ukingoni. Ni vijitundu ambavyo mmea unatolea maji ya ziada. Maji yakikauka chumvi inabaki. Futa kwa kitambaa chenye maji, imekwisha. Unga juu ya echeveria nimeshausema. Malengelenge yanayogeuka magamba ya kahawia baada ya mvua nyingi ni mmea uliokunywa kupita kiasi, seli zikapasuka. Na majani ya chini yanayokauka moja moja ni uzee.

Kuna mmoja zaidi wa kumsamehe. Mdudu kibibi anayekula vidung'ata ana kitoto kilichofunikwa nta nyeupe, kinafanana na kidung'ata mwenyewe lakini ni kirefu zaidi, manyoya yake yamechakaa, na kinatembea kwa kasi. Ukimwona anakimbia, mwache.

Mwarobaini unasaidia kweli?

Unasaidia, hasa kwa wadudu wachanga, kwa sababu unavuruga kukua na kula kwao. Hauui papo hapo kama spiriti, kwa hiyo usikate tamaa siku ya pili. Twanga gramu 50 za kokwa kavu za mbegu, loweka kwenye lita moja ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tumia siku hiyo hiyo. Ukiwa na mafuta yake, kijiko kimoja cha chai kwa lita, pamoja na matone machache ya sabuni ili yachanganyike. Jioni tu. Mafuta juu ya jani na jua la saa sita ni sawa na kukaanga.

Na sabuni ya kawaida?

Sabuni laini ya maji isiyo na dawa za kung'arisha, kijiko kimoja cha chai kwa lita, na usuuze baada ya saa moja. Sabuni ya unga ya kufulia hapana kabisa. Niliwahi kupoteza crassula ya miaka sita kwa njia hiyo, majani yakadondoka yote ndani ya wiki. Hata sabuni laini, crassula na euphorbia milii zinaweza kuungua nayo, kwa hiyo jaribu jani moja.

Dawa za duka la pembejeo je?

Zipo zinazoingia ndani ya mmea kupitia mizizi, kama imidakloprid, na kwa vidung'ata wa mizizi zinasaidia sana. Lakini ni sumu kali kwa nyuki. Umoja wa Ulaya uliizuia imidakloprid kutumika mashambani nje mwaka 2018. Mmea wenye maua na ulio kibarazani usiutilie. Mshubiri unaoupaka usoni au kuunywa usiutilie dawa yoyote ya aina hiyo, kamwe. Nunua chupa iliyofungwa, yenye lebo na namba ya usajili. Dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda usiikubali hata kwa bure, hasa nyumba yenye watoto.

Na ukikata euphorbia au adeniamu yenye wadudu, vaa glavu na usiguse macho. Utomvu wa euphorbia unaunguza jicho, na wa adeniamu watu wa Afrika Mashariki waliutumia kupaka mishale.

Nikinunua mmea mpya nifanyeje?

Ukae peke yake wiki nne. Siku ya kwanza utoe kwenye chungu, tazama mizizi, tazama kila kwapa kwa lenzi. Usiweke sakulenti chini ya mpapai, msanapichi au haibiskasi wenye pamba nyeupe, vitoto vinadondoka.

Lini niukubali kuwa umekwisha?

Shina likiwa laini na jeusi hadi kwenye kitovu, au umemaliza raundi mbili kamili za wiki nne na bado wanarudi huku una mimea mingine ishirini pembeni. Kabla ya kuutupa, tafuta jani moja zima au ncha moja safi. Iloweke kwenye maji ya sabuni dakika kumi, suuza, ikague kwa lenzi pande zote, iache kivulini siku tatu, kisha ilaze juu ya mchanga mkavu. Echeveria niliyo nayo mlangoni ilianza hivyo, jani moja lenye ukubwa wa kucha ya kidole gumba, baada ya mama yake kuingia motoni.